Je, Wajua? Kilichojificha Nyuma ya Bampa

Bampa unaloliona ni ngozi tu

Bonyeza bampa la mbele la Toyota yoyote ya miaka hii kwa kidole gumba. Linabonyea, ukiondoa kidole linarudi. Wengi wetu tunaamini ndilo linalopokea kishindo gari likigonga, na likipasuka tunapeana pole kwa kusema afadhali bampa limeokoa. Kumbe hiyo ni plastiki ya polipropilini yenye unene wa milimita chache, imewekwa kwa ajili ya sura na ili upepo upite vizuri. Bampa lenyewe liko ndani: boriti ya chuma au aluminiamu iliyokatiza kutoka upande mmoja wa chasisi hadi mwingine. Katika magari mengi madogo boriti hiyo imevishwa povu gumu, mfano wa lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni mpya. Kishindo kidogo kinaishia kwenye povu. Kikubwa kinapokewa na boriti pamoja na vijisanduku vya chuma vinavyoishikilia, ambavyo vimetengenezwa makusudi vijikunje kama kopo la maziwa.

Kila anayetaka kufunga taa za ziada hukutana na jambo hili, ajue asijue. Mwenye gari anaonyesha kwa kidole, "zifunge hapo." Fundi mwenye pupa anatoboa ngozi, anakaza boti, anapokea hela yake. Baada ya safari mbili za barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, ngozi imetetemeka mpaka tundu limechanika, na mwanga unacheza mbele ya dereva badala ya kutulia njiani. Taa inatakiwa ishikwe na boriti, na boriti haifikiki mpaka bampa litoke.

Kifungo chenye watu wawili ndani

Jumamosi moja nilikaa juu ya tairi kuukuu kwenye gereji ya Gerezani, Dar es Salaam, nikamtazama fundi akitoa bampa la Prado yangu ili afunge taa za ziada. Alianza na betri. Akalegeza tema ya hasi kwa spana namba 10, akaivua, akaifunika kwa kitambaa isije ikagusa tena kwa bahati mbaya. Juu ya sho, ule wavu wa mbele, kulikuwa na vifungo vyeusi vya plastiki, ukubwa wa kifungo cha koti. Ningekuwa mimi ningevichokonoa na kuvivuta. Yeye alichomeka ncha ya bisibisi bapa katikati, akainua kichwa kidogo cha ndani kiasi cha ukucha, na kifungo kizima kikalegea, kikatoka kwa vidole viwili.

"Humu wamo watu wawili, bosi," akaniambia bila kuinua macho. "Wa kati akiinuka, wa nje anaachia. Ukimvuta wa nje kwanza, umevunja."

Akahamia kwenye matairi: skrubu moja kila upande, pale bampa linapokutana na fenda. Kisha akalala chini na kufungua boti za kava la chini. Kila kilichotoka alikipanga juu ya kipande cha boksi kwa mkao wake, vya juu vikakaa juu na vya kushoto vikakaa kushoto. Mwisho alishika pembe ya bampa karibu na tairi, akaivuta kwa nje, siyo kwa mbele, nayo ikalia ta-ta-ta ikiachia meno yake. Hapo akasimama. Akaingiza mkono nyuma na kuchomoa soketi za taa za ukungu kabla ya kulitoa bampa lote. Anayesahau hatua hiyo moja hung'oa nyaya zake mwenyewe.

Likatoka. Gari likabaki uso mtupu: boriti, honi mbili, kondensa ya AC na rejeta nyuma yake, tangi la maji ya wipa kwenye kona, na kiboksi kidogo kilichofungwa kwa boti kwenye chuma cha mbele. Kiboksi hicho ndicho sensa ya mgongano. Ndicho kinachosaidia eabagi zijue wakati wa kufumuka. Usikipige nyundo, usikihamishe upate nafasi ya taa, na usikichomoe betri ikiwa imefungwa. Gari langu liliwahi kurudi kutoka gereji moja likiwa na bampa jipya na taa ya eabagi inawaka kwenye dashibodi. Soketi ya sensa haikurudishwa. Nilizunguka nayo siku tisa nikiwa na watoto ndani, na kila nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Sheria ya bampa iliandikwa kwa ajili ya taa

Kuanzia magari ya 1973, Marekani ilidai bampa la mbele listahimili kugonga kizuizi kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8 hivi, bila vifaa vya usalama kuharibika, na taa zikiwemo. Ndiyo maana magari ya Marekani ya miaka hiyo yana mabampa makubwa yaliyochomoza kama meza. Mwaka 1982 kiwango kilishushwa hadi maili 2.5. Ufaransa nayo ilikwenda njia yake: Renault 5 ya 1972 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya bei ya kawaida kutoka kiwandani na mabampa ya plastiki, na leo ni vigumu kukuta gari dogo lenye bampa la nje la chuma.

Zile ngao za bomba la chuma tunazozipenda kwenye pikapu ni habari nyingine. Umoja wa Ulaya uliziwekea masharti mwaka 2005, kwa sababu chuma kisichobonyea kinamfikia mtoto mahali ambapo boneti ingebonyea. Anayekwenda porini kila wiki ninamwelewa. Kwa anayeishia mitaa ya mjini, Sinza na Mwenge, sioni sababu.

Safari Rally na taa zilizokaa mabegani

Mashindano ya Safari Rally yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, usiku na mchana, kwa kilomita 5,000 na zaidi. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena.

Jambo lililoyatofautisha na mashindano ya Ulaya ni kwamba barabara haikufungwa. Dereva wa mashindano alipishana na basi la abiria, lori la magunia, ng'ombe, na mwanafunzi juu ya baiskeli ya babake. Ndiyo maana magari ya Safari yalijengwa sura yake yenyewe: ngao ya mabomba mbele, taa kubwa za mviringo zimepangwa juu yake, bomba la hewa limepanda pembeni mwa kioo ili injini isinywe maji mtoni. Bomba hilo ndilo lililoipa Land Cruiser jina la mkonga mitaani kwetu. Kwenye Lancia Delta na Toyota Celica za miaka ya 1980 na 1990 utaona pia taa mbili za ajabu, zimekaa juu ya fenda, karibu kabisa na kioo, kama zimebebwa mabegani. Hizo ziliwashwa mchana kweupe. Taa za chini humezwa na vumbi na migongo ya barabara, lakini hizo za juu dereva wa basi anayekuja aliziona mapema akapata nafasi ya kusogea kando.

Joginder Singh, ambaye Wakenya walimwita Simba wa Kenya, alishinda 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mfululizo 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Nikitazama picha za magari yao nasimama kwenye uso wa gari kuliko mahali pengine popote. Kila boti pale imewekwa na mtu aliyejua usiku unakuja.

Taa mbili zaidi hazikupi umbali mara mbili

Mwanga ukisafiri unatawanyika. Ili kitu kilicho umbali mara mbili kiwake sawasawa na cha mwanzo, unahitaji mwanga mara nne. Kwa hiyo kama taa zako za fulu zinakuonyesha mbuzi kwenye mita 100, ukaongeza nyingine mbili za aina ileile, utamwona kwenye mita 141 hivi. Mita 41 zilizoongezeka si haba. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, na mpaka dereva ashtuke, akanyage breki na gari lisimame kwenye lami kavu, mita karibu 70 zimekwisha. Ukiwa kwenye 120 zinakaribia 130. Sasa fikiria kwamba taa za dimu haziangazi sawasawa zaidi ya mita 50 au 60 upande anaotokea mwenzako. Ukweli mchungu wa safari za usiku uko hapo: wengi tunaendesha kasi kuliko tunavyoona.

Ng'ombe anang'aa, mtu hang'ai

Nyuma ya jicho la ng'ombe, mbuzi, swala, fisi na paka kuna tabaka linalorudisha mwanga kama kioo, ili jicho lipate nafasi ya pili ya kuutumia gizani. Ndiyo yale madoa ya kijani au manjano unayoyaona barabara ya Mikumi, ambako barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita karibu 50 na mwendo umewekewa kikomo. Nguruwe hana tabaka hilo. Nyani hana. Binadamu hana. Mama anayetembea kando ya lami akiwa amejitanda khanga nyeusi hatakupa doa lolote la kukuonya, na taa ya ziada iliyolengwa vibaya, ikimulika juu ya miti, haimsaidii hata kidogo.

Rilei: mtoto anayefungua koki kubwa

Taa mbili za wati 55 kwenye umeme wa volti 12 zinavuta ampea 9 na ushee. Pitisha umeme huo kwenye kiswichi kidogo cha dashibodi na kiwaya chembamba, utanusa plastiki inaungua kabla hujatoka mjini. Rilei ndiyo dawa. Swichi inapeleka umeme mdogo, sehemu ya tano ya ampea hivi, unaoamsha sumaku ndani ya rilei. Sumaku inavuta ulimi wa chuma, "tak!", na umeme mkubwa unapita moja kwa moja kutoka betri hadi taa. Ni kama mtoto anayefungua koki ya bomba kuu: nguvu ya mkono wake si nguvu ya maji.

Geuza rilei utazame miguu yake. Utakuta namba 30, 85, 86 na 87. Namba hizo zinatoka kwenye kanuni ya Kijerumani, DIN 72552, na fundi umeme wa Grogan, Nairobi, anazitumia kila siku kwenye gari la Japani bila kuhitaji kujua zimetoka wapi. Mguu wa 30 unapokea kutoka betri, 87 unakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za sumaku.

Kuna mtego unaowakwamisha mafundi wengi hapa. Katika Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, swichi ya taa kubwa haikati chanya. Inakata ethi, yaani upande wa hasi. Balbu ina umeme wa chanya muda wote taa zikiwa zimewashwa, na fulu inawaka pale upande wa ethi unapofungwa. Fundi aliyezoea magari mengine anachukua waya wa fulu kama chanya, anaunga mguu wa 86, anapeleka wa 85 kwenye bodi, kisha anashangaa taa zake zinawaka kwenye dimu na kuzimika kwenye fulu. Anayejua anapima kwanza kwa taa ya majaribio, ndipo anaunga.

Kwa nini nasisitiza waya wa fulu? Kwa sababu taa za masafa marefu zinatakiwa zizimike zenyewe unapodimu. Zikiwa na swichi yake peke yake, iko siku utasahau, na mwenye bodaboda anayekuja mbele yako hataona tuta wala ukingo wa daraja. Jicho lililopigwa na mwanga mkali linahitaji sekunde kadhaa kurudi, na la mzee zaidi ya la kijana. Kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu ni mita 66 za giza tupu.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Kwa balbu za halojeni, volti zikipungua kwa asilimia 10 njiani, mwanga unapungua kwa asilimia karibu 30. Watu hubadilisha balbu, hubadilisha taa nzima, kumbe waya ni mwembamba au ethi imefungwa juu ya rangi na kutu. Nimeona fundi akikwangua nukta moja ya rangi kwa msasa, ukubwa wa shilingi, akakaza ethi upya, na taa iliyokuwa kama mshumaa ikawa taa.

Rangi ya fyuzi ni lugha

Fyuzi bapa nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kwa taa mbili za wati 55, ya bluu inatosha. Ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kinacholindwa ni waya: ukichubuka popote baada ya fyuzi, fyuzi inakatika, ukichubuka kabla yake, gari linaweza kuwaka moto.

Soma kioo cha taa kabla ya kulipa

Taa iliyoidhinishwa kwa kanuni za Ulaya ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyotoa idhini: E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E11 Uingereza, E43 Japani. Za fulu zina pia namba ya nguvu, kwa mfano 17.5, na jumla ya namba za fulu zote zinazowaka pamoja haitakiwi kupita 100. Kwenye taa kubwa tafuta mshale. Ukisimama mbele ya gari ukakuta mshale unaelekea kulia kwako, taa hiyo imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya, Uganda na Japani. Ukidimu, mwanga wake unapanda kidogo upande wa kushoto, penye waenda kwa miguu na vibao.

Gari hilohilo likivuka kwenda Bujumbura au Bukavu, ambako wanaendesha kulia, ule mwanga unaopanda kushoto unaingia machoni mwa dereva anayekuja. Magari ya mitumba ya Japani yenye usukani wa kulia ni mengi huko, nayo huumiza macho hata yakiwa yamedimu. Wanaolalamika kwamba wenzao hawadimu mara nyingine wanawaonea.

Njano haipenyi ukungu

Ufaransa ilitumia taa kubwa za njano kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1993. Wengi wanaamini njano hupenya ukungu wa Kitonga au Limuru. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi; yanatawanya zote sawa. Njano inachokoza jicho kidogo kuliko nyeupe yenye ubuluu, basi, na hilo tu ni nafuu. Kinachosaidia kwenye ukungu ni taa kukaa chini, mwanga wake ukiwa mpana na umekatwa juu.

Taa iliyofuata usukani

Gari la Tucker la 1948, ambalo yalitengenezwa 51 tu huko Chicago, lilikuwa na taa ya tatu katikati ya uso iliyogeuka pamoja na usukani. Citroën DS ikafuata 1967 na jozi ya taa zinazochungulia kona kabla gari halijaingia.

Ukutani, saa moja jioni

Yule fundi wa Gerezani alipomaliza kurudisha bampa hakunipa ufunguo. Alisogeza Prado mbele ya ukuta wa jirani, akapima hatua kumi ndefu, akachora kwa chaki mstari kwenye kimo cha taa, na mwingine chini yake kwa kiganja kimoja. Dimu ikikaa kwenye mstari wa chini, akaniambia, iko sawa. Hesabu ya vitabuni ni hiyohiyo: sentimita 10 chini kwa kila mita 10. Zile za ziada akazilaza zipige mstari wa juu, zikielekea mbele moja kwa moja kutoka mahali zilipofungwa, akakaza nati huku shingo ameilaza begani kuona mwanga usihame wakati spana inazunguka.

Kisha akaingia ndani, akanionyesha kigurudumu kidogo kushoto kwa usukani chenye namba 0 hadi 4, ambacho sikuwahi kukigusa tangu ninunue gari. "Ukipakia magunia nyuma, pua inanyanyuka," akasema, akikizungusha, na kule ukutani mwanga ukashuka taratibu mpaka kwenye chaki.